Jina la Kale kwa Mbwa wa Leo

Watu wengi wa kwetu Kiruruma hawajisumbui kumtafutia mbwa jina. Mbwa akifa, anayefuata hurithi jina la marehemu pamoja na kamba yake na sufuria yake iliyotoboka. Naijua nyumba moja ambayo imekuwa na Simba wanne, mmoja baada ya mwingine, na huyo wa mwisho alikuwa mwoga kiasi cha kuwakimbia kuku wenye vifaranga. Ukitoka hapo utakutana na Bobi, Tomi, Jeki na Popi. Popi ni Kiingereza cha mtoto wa mbwa tu, kikatamkwa kwa ulimi wetu. Hivyo utamwona mbwa mzee, kipofu wa jicho moja, amelala chini ya mgomba, na bado anaitwa mtoto.

Silaumu. Mbwa kwetu hana cheo kikubwa. Hulinda nyumba usiku, mchana hufukuzwa jikoni, na chakula chake ni mabaki. Hata hivyo, nilipoletewa mbwa dume mdogo, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia wekundu, niliona si haki kumwita Simba wa tano. Niliwaambia watu wa nyumbani kuwa huyu atapewa jina la kale, jina lenye asili. Wajukuu walikuwa tayari na majina ya wachezaji mpira na ya watu wa katika televisheni. Niliyakataa yote. Nilidhani kazi hiyo ingekuwa ya jioni moja. Ilichukua majuma matatu, na katikati yake nusura inigombanishe na jirani.

Ndugu msomaji, desturi ya kumpa mbwa jina ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Wamisri wa kale waliandika majina ya mbwa katika makaburi yao. Mwaka 1935 huko Giza lilipatikana jiwe lenye maandishi juu ya mbwa mlinzi aliyeitwa Abuwtiyuw, ambaye mfalme aliamuru azikwe kwa heshima, kwa jeneza, kitambaa na ubani, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mfalme mwingine wa huko, Intef wa Pili, alichongwa katika jiwe akiwa na mbwa wake, na majina yao hayakuwa ya Kimisri bali ya lugha za watu wa magharibi mwa nchi yake. Maana yake ni kwamba hata mfalme yule alipenda jina lililotoka mbali. Wajukuu wangu hawakuanza wao.

Kwa Waislamu, pwani na bara, mbwa wa wale vijana waliolala pangoni ametajwa katika Kurani, sura ya Al-Kahf. Jina lake halimo katika Kitabu, lakini mapokeo yakampa moja, Kitmiri. Kwa hiyo hata mahali ambapo mbwa hakaribishwi ndani, watu waliona haifai mbwa mwaminifu akumbukwe bila jina.

Tukirudi karibu na nyumbani, Buganda mbwa alikuwa sehemu ya enzi. Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 alimkuta ana mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke kando yake, na akaambiwa hizo ndizo alama za Uganda. Stanley naye aliandika habari za Suna, baba yake Mutesa, kwamba aliwapenda mbwa hata akaamuru eneo zima lilimwe viazi vitamu kwa ajili ya mbwa mmoja tu, na mbwa huyo alipokufa machifu wakatakiwa kutoa nguo za magome ya miti kwa mazishi yake. Sijui wakulima wa viazi hivyo walisema nini faraghani. Katika maandishi hayo mbwa anatajwa kama mbwa wa mfalme, na wakulima hawatajwi kabisa.

Nilianza kutafuta jina katika historia ya Karagwe yenyewe, kwa kuwa sisi wa Kiruruma tumo ndani ya nchi hiyo ya kale, hata baada ya Wilaya ya Kyerwa kumegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nchi hii ilitawaliwa na Wahinda, wazao wa Ruhinda. Mtawala wake aliyejulikana zaidi nje ni Rumanyika, aliyemrithi Ndagara katikati ya karne ya 19. Speke na Grant walifika kwake Novemba 1861. Aliwapokea kwa ukarimu ambao waliusifu vitabuni. Grant aliugua mguu akabaki kwake hadi Aprili 1862, wakati mwenzake alikwisha kutangulia Buganda tangu Januari.

Wageni wale walikuwa na ugonjwa wa kutoa majina. Ziwa dogo karibu na makao ya mfalme waliliita Windermere, kwa sababu lilimkumbusha Grant ziwa la Uingereza. Stanley alipopita mwaka 1876 aliuita mto Kagera kuwa Nile ya Alexandra, kwa heshima ya binti mfalme wa kwao. Majina hayo yote mawili yalikufa. Leo ukimwambia mvuvi wa Kagera kuwa yuko Alexandra atakudhani umelewa. Lakini Victoria lilibaki, na sisi wenyewe tunalitamka bila kufikiri. Nikajifunza kuwa jina haliishi kwa sababu ya ukubwa wa aliyelitoa, bali kwa sababu ya wale wanaokubali kuliita kila siku.

Katika msafara huo wa Stanley ndipo nilipokutana na mbwa. Alipoondoka Uingereza mwaka 1874 alikuwa na mbwa watano: Castor, Captain, Nero, Jack na Bull. Bull alikuwa mbwa wa aina ile ya Kiingereza yenye kichwa kikubwa na pua fupi, ambayo zamani ilitumika kupambanishwa na ng'ombe dume mbele ya watazamaji, mchezo uliopigwa marufuku Uingereza mwaka 1835. Ndiyo asili ya jina lake, kwa maana Bull ni ng'ombe dume. Wenzake walikufa mmoja mmoja njiani. Bull peke yake alitembea kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, akaiona Buganda, akashuka hadi Karagwe. Stanley alikaa Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu karibu na makao ya Rumanyika, akaondoka mwishoni mwa Machi 1876. Katika mwezi wa Aprili, muda mfupi baada ya kutoka Karagwe, Bull alikufa kwa uzee na uchovu.

Nilisoma habari hiyo mara mbili. Stanley aliandika kifo cha mbwa huyo kwa huzuni ya kweli. Nami sikumwonea kijicho mbwa yule heshima yake; alistahili. Ila nilijiuliza ni wapagazi wangapi waliokufa katika njia hiyo hiyo, wamebeba mizigo na vipande vya mashua yake, na ni wangapi kati yao ambao wajukuu zao wanaweza kufungua kitabu wakasoma jina la babu yao. Wachache. Mbwa aliandikwa jina, siku na mahali. Binadamu wengi waliandikwa hesabu.

Kwa hiyo jina la kale la kwanza nililolipata lilikuwa Bull, jina la mbwa wa kweli aliyepita katika nchi yetu. Nikaliweka kando kwa muda. Lilinipendeza, lakini katika kinywa cha majirani lingekuwa Bulu, na Bulu halina maana.

Jina la pili lilikuwa Rumanyika. Katika Kinyambo, kumanya ni kujua, na kumanyika ni kujulikana. Mbwa anayejulikana: ni jina gani bora kwa mlinzi? Fauka ya hayo, jina hilo limekwisha kupewa vitu vingi. Pori la akiba lilipewa, na mwaka 2019 pori hilo likawa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Ikiwa nyati na tembo wanaishi chini ya jina la mfalme, nilisema, mbwa mmoja ana kosa gani?

Nilimweleza wazo hilo bibi mmoja wa ukoo wa Kihinda ambaye humpelekea mke wangu maziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hifadhi haifukuzwi jikoni. Wewe huyo mbwa wako ataiba nyama, na mkeo atachukua mwiko. Siku hiyo nitapita njiani nisikie Rumanyika anapigwa." Hakukasirika. Alichukua chombo chake akaenda zake. Lakini nilielewa kuwa jambo limekwisha.

Bibi yule hakuwa akitetea utawala. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, miaka michache baada ya yeye kuzaliwa, na hana kodi anayoidai kwa mtu. Alikuwa akitetea jambo dogo zaidi na gumu zaidi, yaani namna jina la marehemu linavyotamkwa mtaani. Kwa mapokeo aliyoyasikia Speke, Ndagara alipokufa wanawe waliwekewa ngoma ndogo ya enzi waiinue. Ndugu zake Rumanyika walishindwa kuitikisa, naye akaiinua kwa kidole kimoja. Mtu unaweza kuiamini hadithi hiyo au usiiamini. Lakini kwa ukoo ambao hauna tena ngoma, jina ndilo kitu cha mwisho kilichobaki cha kuinuliwa. Kulipa mbwa ni kuliweka chini.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokuja na shauri lake, na hilo ndilo nusura lilete balaa. Alisema tumwite Tibamanya, yaani hawajui. Ni jina zuri la kale, la aina ile ambayo wazee wetu waliipenda. Watu wa nchi hizi za maziwa makuu, Wanyambo, Wahaya, Wanyankore na Wanyoro, wana majina mengi ambayo ni sentensi nzima. Tibaijuka ni hawakumbuki. Mtoto huzaliwa wakati baba ana uchungu na ndugu au majirani zake, na uchungu huo hutiwa ndani ya jina la mtoto ili wahusika wausikie kila anapoitwa. Mtoto mwenyewe hana habari. Huenda shule, huolewa au huoa, na jina linaendelea kusema maneno ya ugomvi ambao wenye ugomvi wamekwisha kuzikwa.

Na mbwa je? Mbwa anafaa zaidi kwa kazi hiyo, maana huitwa kwa sauti kubwa, nje, jioni, wakati majirani wote wako nyumbani. Kule Benin, Afrika Magharibi, watu wa kabila la Wabaatombu wana desturi ya kumpa mbwa methali kuwa jina lake. Mwenye mbwa humwita mbwa, jirani husikia methali. Jirani akilalamika, mwenye mbwa hujibu kwa upole kuwa anamwita mnyama wake tu. Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda Benin kulielewa hilo. Mwanamke anayepita mlangoni kwa mwenzake amejifunga kanga yenye maneno hajasema kitu. Kanga ndiyo iliyosema.

Mdogo wangu alijua anachofanya. Mimi na jirani yangu wa upande wa chini tulikuwa na shauri la mpaka, hatua kama nne za shamba la kahawa ambazo kila mmoja wetu anaamini alirithi kutoka kwa baba yake. Tulikuwa tumefika mbele ya wazee, na wazee walituambia tusubiri. Katika hali hiyo, kusimama uani kila jioni na kupaza sauti "Tibamanya! Tibamanya!", yaani hawajui, hawajui, kungekuwa kumtangazia jirani na wazee wote kuwa ni wajinga. Na nisingeweza kushtakiwa. Namwita mbwa.

Sitaficha kuwa jina hilo lilinivutia. Kwa siku mbili nilijaribu kulitamka nikiwa peke yangu shambani, nikaona lina ladha tamu. Ni ladha hiyo iliyonistua. Mbwa akitunzwa vizuri huishi miaka kumi, hata kumi na mitano. Shauri la mpaka lingeweza kuamuliwa baada ya mwezi, kwangu au kwake. Mimi na jirani tungepatana, tungezikana, watoto wetu pengine wangeoana. Lakini kila jioni, kwa miaka kumi, mjukuu wangu asiyejua lolote angepaza sauti ya ugomvi wa babu yake. Nilimwambia mdogo wangu hapana. Aliniambia nimekuwa mzee. Ni kweli, na nadhani ndiyo faida yake.

Nikafikiria tena majina ya mbwa wa mawindo, maana zamani mbwa wenye majina ya sifa walikuwa wale waliovaa njuga shingoni wakafuata wawindaji porini. Wahaya na Wanyambo walikuwa na Irungu, roho ya nyika, aliyetazamwa na wasafiri na wawindaji. Na katika nchi zote hizi mpaka Rwanda husimuliwa habari za Ryangombe, mwindaji mkuu aliyeuawa na nyati katika mawindo baada ya kukataa onyo la mama yake. Lakini mawindo ya mbwa yamekwisha. Mapori yalifanywa ya akiba, kisha hifadhi za taifa: Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zote mwaka 2019. Mwenye mbwa na mkuki humo leo ni jangili. Sina malalamiko juu ya hilo, wanyama walikuwa wanakwisha. Nasema tu kwamba kazi ikifa, majina ya kazi hiyo hufa kimya kimya, bila mtu kuyapigia marufuku. Niliwauliza wazee watatu majina ya mbwa wa baba zao waliowinda. Wawili walikumbuka mbwa wenyewe, rangi zao na ushujaa wao, lakini si majina. Wa tatu alikumbuka jina moja, nalo lilikuwa Simba.

Jibu lilitoka upande ambao sikuutazama, nalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: rangi ya mbwa mwenyewe. Wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu, huku kwetu na kwa ndugu zetu wa Ankole, hawamwiti ng'ombe kwa jina la mtu. Humwita kwa rangi na umbo, na maneno yao ya rangi ni mengi kuliko ya Kiswahili. Ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyokolea na kuwa nyekundu ni bihogo. Akiwa dume, ni ruhogo.

Ruhogo. Nilipolitamka nilisikia ile Ru ya mwanzo ambayo imo katika Ruhinda na Rumanyika, Ru ya kiume, ya ushujaa. Ni jina lenye ukubwa, lakini si jina la mfalme yeyote wala la marehemu wa mtu. Halimtukani jirani. Lina heshima, kwa maana katika Karagwe ng'ombe alikuwa zaidi ya mali. Stanley alipoonyeshwa hazina ya Rumanyika aliona humo sanamu za ng'ombe za shaba, zikiwa kati ya mikuki na vitu vya enzi. Na lina huzuni kidogo, kama majina mengi ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iliyotoka kaskazini ilipita katika nchi hizi ikaua sehemu kubwa kabisa ya mifugo, na Karagwe ya wafugaji haikurudi tena kuwa ile aliyoiona Speke. Ng'ombe walikufa, na majina ya rangi zao yakabaki vinywani mwa wachache. Wajukuu wangu wanajua nyekundu, nyeusi na nyeupe. Bihogo walilisikia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mbwa.

Nilikuwa nimekwisha kuamua ndipo nikamkumbuka Bull. Yule mbwa mzee wa Kiingereza aliyekufa baada ya kuvuka Karagwe aliitwa ng'ombe dume. Wangu naye ni ng'ombe dume, mwekundu. Jina ni lile lile, ila hili linasema Kinyambo. Sikulitafuta, na sikumwambia mtu yeyote isipokuwa wewe, msomaji.

Ruhogo sasa ana mwaka mmoja na nusu. Jirani yangu wa chini alimsikia akiitwa, akasimama penye mpaka wetu huo huo, akauliza, "Mzee, umenunua ng'ombe?" Nikamwambia ni mbwa. Akacheka, akasema baba yake alikuwa na dume wa rangi hiyo, kabla hawajauza ng'ombe wa mwisho na kupanda kahawa. Tulizungumza habari za dume huyo hadi giza likaingia. Shauri la hatua nne bado liko kwa wazee, nasi bado tunasubiri.